Siku ya Nikaha Yangu Nilikuwa Dukani Al Barsha

Admin, nakuomba ufiche jina langu. Humu ndani kuna watu wa kwetu wanaousoma ukurasa huu kuliko wanavyosoma meseji za wake zao.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Mombasa. Nina miaka sita Dubai, nauza manukato na udi katika duka moja Al Barsha. Mume wangu, tumwite Faraj, anasoma shahada ya pili katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Tuna binti wa mwaka na miezi miwili. Nilimzaa nyumbani nikarudi kazini, na analelewa na mama yangu huko, maana chumba ninacholala Naif tuko wanawake sita na hakuna pa kuweka hata ndoo. Juzi mama alimwonyesha uso wangu kwenye simu akamwambia, mama huyu. Mtoto akageuka akamtazama bibi yake. Nililia siku nzima, nikiuza nalia.

Kwa hiyo niliomba kadi ya kuishi huko kama mke wa mwanafunzi. Ningeipata, tungemwombea na mtoto kadi yake, tuishi watatu. Sikuwa na tamaa nyingine.

Sasa sikilizeni nilivyojiharibia. Nikaha yetu ilipangwa mwezi wa Shaaban. Tiketi nilishakata, bosi akanizuia dakika ya mwisho kwa sababu kabla ya Ramadhani ndipo watu wananunua udi. Akaniambia, "After Eid, khalas," yaani niende baada ya Idi, basi. Nyumbani watu walishaalikwa. Baba akasema hakuna neno, nikaha haihitaji bibi harusi awepo pale. Na ni kweli, wa pwani mnajua, hata ningekuwa Mombasa ningekuwa ndani na wanawake, msikitini wako wanaume. Baba akanipigia simu mbele ya mashahidi, akaniuliza kama nimemridhia Faraj na kama namruhusu aniozeshe. Nilikuwa stoo, nimeegemea makatoni ya bukhuri. Nikasema nimeridhia. Dakika kumi baadaye nilikuwa mke wa mtu, na nilikuwa nampulizia mteja manukato kwenye kiganja. Sikumwambia kitu, ila nilimjazia sampuli mpaka mfuko ukavimba.

Baada ya Idi nikaenda nyumbani wiki tano. Nikapambwa, nikatolewa mbele ya wanawake, na simu za wageni zilikusanywa mlangoni kama desturi yetu, bibi harusi asipigwe picha ovyo. Basi nilipopeleka maombi, picha za harusi nilizokuwa nazo ni zile za msikitini tu.

Mama aliyenihoji katika ofisi yao ya maombi hapa Dubai alikuwa mpole. Akazipanga picha mezani moja moja. Wanaume na kanzu zao, Faraj ameshikana mkono na baba yangu. Akaniuliza mimi niko wapi. Nikacheka, nikamweleza desturi yetu kwa Kiingereza changu chote, nikidhani ukweli ndio utanisaidia. Akauliza siku hiyo nilikuwa wapi hasa. Nikajibu, "Hapa hapa Dubai, kazini." Akaandika.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Sheria yao haiitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo. Nikileta cheti cha ndoa tuliyofunga wote wawili tukiwepo, naweza kuomba upya.

Faraj akaniambia hilo dogo. Disemba tuende nyumbani wote, tukae mbele ya kadhi, baba atuozeshe tena, tupate cheti kipya. Alishamuuliza shehe, akaambiwa kurudia si dhambi. Nilifurahi siku moja nzima. Ya pili nikampigia baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dhambi si dhambi, mwanangu. Lakini hicho cheti kitakuwa na tarehe ya lini?"

Nikasema ya Disemba.

"Na mjukuu wangu kazaliwa lini?"

Akaniambia alinioza kwa halali mbele ya watu, na hatatia mkono wake kwenye karatasi inayosema mtoto ametangulia ndoa. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia anawaogopa majirani kuliko anavyompenda mjukuu wake. Sijawahi kumjibu baba hivyo maishani. Tangu siku hiyo salamu zake zinapitia kwa mama.

Faraj anaona baba ni mkaidi tu. Ananiuliza nani atasoma tarehe, Wazungu hawajali nani alizaliwa lini. Yeye amekaa huko, anasema kweli. Lakini binti yangu hatakaa na Wazungu milele. Siku akitaka kuolewa, wazee watataka kujua alizaliwa ndani ya ndoa au nje, kwa sababu aliyezaliwa nje, kwa dini yetu, baba yake hamwozi. Cheti cha kwanza kipo, ndiyo, lakini nitakuwa nimeshakubali kwa saini yangu kwamba hakikutosha. Na baba yangu akiwa hai, baba mdogo hawezi kuniozesha badala yake. Itabidi kadhi amwite baba aulizwe kwa nini anamkatalia bintiye. Mzee wa watu, ana miaka sabini, aitwe mahakamani na mtoto wake.

Faraj amebakisha mwaka na nusu wa masomo. Bosi anataka jibu la likizo ya Disemba wiki hii. Wale wa "ungejua mapema", nimewasikia, tuendelee.

Mlio na mabinti nawauliza kwanza, halafu wengine wote, semeni nami bila kunificha. Nikitia saini, mwanangu ananipata mimi, na karatasi inamtia doa. Nikikataa, anabaki na jina safi na mama wa kwenye simu. Akiwa mkubwa, kati ya hayo mawili, ni lipi atanisamehe?