Mkasi wa Mwandishi wa Denmark Mjini Buffalo

Niliondoka Louisville Jumatano asubuhi, mwezi wa nne mwaka 2015, kwa sababu ya kosa la maandishi. Dada yangu Furaha, anayeishi Buffalo, alikuwa amenitumia picha ya karatasi waliyopewa wajukuu wake shuleni kuhusu yule mwandishi mkubwa wa Denmark aliyetunga hadithi za watoto. Karatasi ilidai kwamba alizaliwa katika nyumba ya kitajiri. Nilikuwa msajili wa vizazi na vifo mjini Uvira kwa miaka thelathini. Jambo kama hilo siwezi kulifumbia macho. Baba yake alikuwa fundi viatu! Mama yake alifua nguo za watu!

Furaha alikuwa na lake. “Kaka, njoo uwaeleze kwa Kiswahili,” aliniambia kwa simu. “Mimi nikianza hadithi, wananijibu Kiingereza, kisha wanakimbilia simu zao. Donc, nitakufa nazo?”

Saa nane mchana nilishuka basi Columbus, ambako rafiki yangu Mathias, Mrundi aliyekulia katika kambi za Kigoma, alinipokea kwa gari lake na kunilaza kwake Westerville. Wakati wa chakula nilimsomea hotuba niliyowaandalia wale wajukuu.

“Kurasa sita, mzee wangu?” alisema. “Kwani hao watoto wamekosa nini?”

Sikucheka. Kila sentensi nilikuwa nimeihakiki.

Alhamisi jioni basi liliingia Buffalo, theluji ikiwa bado imelundikana kando ya barabara. Furaha alinikumbatia akiwa na sare ya kiwandani, anakokata vitambaa vya makochi.

Jumamosi asubuhi wajukuu wake wawili, Grâce na Josué, waliketishwa mbele yangu. Nilisoma jinsi mwandishi alivyoondoka kwao akiwa na miaka kumi na minne ili awe mwigizaji, akachekwa. Jinsi alivyopelekwa shule akiwa amevuka umri, akakaa darasani na watoto wadogo. Kufikia ukurasa wa tatu Josué alikuwa amelala na Grâce ameinamia simu. Furaha alitazama sakafu.

Nilifika mahali panaposema kwamba mwandishi huyo, alipokuwa akisimulia, alikunja karatasi na kuikata kwa mkasi mkubwa, asiikunjue mpaka hadithi iishe.

“Alikata?” Furaha aliinua uso. Akachukua mkasi wake, akaninyang’anya ukurasa wa kwanza.

“Furaha! Huo una wazazi wake wote wawili!”

“Bon, si umeshawasoma?”

Alikunja, akaanza kukata. “Kulikuwa na wanawake huko Fizi, walikataa kuteka maji kabla ziwa halijawaomba msamaha…” Vipande vilianguka juu ya mazulia. Simu ya Grâce ilishuka. Josué aliamka, akauliza jambo kwa Kiingereza. Mkasi ukasimama.

“Sisikii,” alisema bibi yake.

Josué akakunja uso, akitafuta maneno.

“Bibi, iko nini? Iko ndege?”

“Ndege gani ana mtungi kichwani? Ngoja!”

“Kata, Bibi! Kata!” Grâce alipiga kelele.

Hadithi ilipokwisha Furaha aliikunjua karatasi: wanawake wanane wameshikana mikono, hati yangu ya mashine ikipita juu ya sketi zao. Niliinuka kwa furaha kama kijana, nikampa ukurasa wa nne bila kuombwa.

Jumatatu, nikiwa safarini kurudi, nilielewa vizuri nilichokiona: nilikuwa nimesahihisha ukoo wa yule mwandishi kwa uaminifu, lakini kazi yake, kusimulia, niliiacha ndani ya maandishi. Simu ikalia tukiwa kituoni Columbus.

“Kaka, jana wamedai hadithi tatu. Leo wametoka shule na karatasi zao wenyewe! Hadithi zimeniishia. Nitungie moja.”

“Furaha, katika utumishi wangu wote sijaandika jambo ambalo halikutokea.”

“Basi anza. Wamekaa hapa.”

Kabla basi halijavuka mto Ohio, katika hadithi yangu mamba wa mto Ruzizi alikuwa amefika ofisini kumsajili mwanawe, na msajili amemdai mashahidi wawili kwa mujibu wa sheria. Mamba akajibu kwa adabu kwamba anao, wote wawili, tumboni.