Kiazi Kilichopakwa Rangi ya Viatu

Macho ya mama yanaisha, na alichoniomba hakikuwa dawa. Alitaka kuliona tena lile ua la zambarau la upande mkavu wa Mlima Meru, la jamii ya viazi vitamu, linalofunguka alfajiri na kujikunja jua likianza kuchoma. Utotoni mwangu tuliteremka kutoka migombani hadi kwa ndugu zake wafugaji, nyikani ng'ambo ya Ngaramtoni. Ukame ulipozidi walichimba kiazi cha ua hilo, wakakata ubavu mmoja wa kutafuna kwa ajili ya maji, wakapaka jivu kwenye jeraha, wakakifukia.

"Msikiache uchi," mama alikuwa akitukemea.

Nimehamahama miji mingi, lakini pale ningefika hata gizani. Safari hii nilikuta mashimo tu, na mashina yaliyokatwa yamekauka juani.

Viazi vyenyewe nilivikuta Ngaramtoni, kwa muuza miche wa kando ya barabara. Vimekalishwa kwenye vyungu vyeupe, tumbo lote nje, vimesuguliwa rangi ya viatu mpaka vinang'aa. Harufu ilinipanda kichwani. Nilimuuliza majani yako wapi, akasema ameyanyoa, yanachafua sebule za watu.

"Na maua?"

"Maua ya nini, braza? Watu wanataka hicho kitambi."

Akakipigapiga kiazi kama tumbo la mwenye baa. Hata hivyo nilinunua kimoja. Pengine kingechipua.

Mama alikipapasa, akanusa vidole. Akaagiza maji ya moto na sabuni, akakisugua kama mtoto aliyeanguka chooni. Tulikipanda nyuma ya jiko, chini ya paa ambako mvua haifiki, tukakifukia chote. Kila alfajiri alikaa pale kwenye kigoda akiuliza kama kuna kitu, nami nikimjibu bado.

Kilioza. Kilitoa ute wa kahawia na harufu ya mzoga, nzi wakajaa hadi kwenye kigoda. Nilirudi kwa muuzaji kumuuliza kama huko nyikani kumebaki hata kimoja ardhini. Alicheka, akasema nisiwe na wasiwasi, kikioza anabadilisha. Wachimbaji wamemletea gunia zima. Lilikuwa pale pale juani, mdomo wazi.

Nilimweleza mama. Aliuliza kama lile gunia lilikuwa limefunikwa hata na majani. Nikasema hapana.

Akatema mate pembeni.

"Basi hamisha hicho kigoda," alisema. "Pananuka."