Siku Niliyokwenda Kudai Nafasi ya Fildi

Aibu hii nimeificha wiki nzima, leo naitoa. Mie nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu, na bila kufanya fildi, yale mafunzo ya vitendo kiwandani, sivuki kwenda wa nne. Nilikuwa nimepeleka barua za maombi kwenye viwanda tisa. Hakuna aliyejibu, hata kwa kunikatalia. Siku hiyo nilitoka nyumbani Tabata nimefura, nikaenda kwenye kiwanda cha magodoro kule Gongo la Mboto. Nilijiapiza kwamba leo watanitambua.

Injinia mkuu alikuwa mama wa makamo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikamtajia jina langu, kisha nikamwaga yote.

“Mama, nyie mnachukua watoto wa ndugu zenu. Sie tusio na mjomba humu ndani barua zetu hamzisomi. Mngekuwa mnazisoma, mngeshaniita.”

Mafundi wawili waliacha kazi wakawa wananisikiliza. Nikaona nimewaweza, nikazidisha sauti.

Mama yule hakubishana. Alifungua faili, akatoa barua na kunikabidhi.

“Hii ni yako?”

“Ni yangu.”

“Basi isome, mwanangu. Kwa sauti hiyohiyo.”

Nikaisoma kwa hasira zangu zote, mpaka mstari wa tatu: “Tangu utotoni nimetamani kufanya kazi katika kiwanda chenu cha soda.”

Nilikuwa nimenakili barua ya kiwanda kingine, nikabadilisha anwani tu. Mafundi wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika.

“Endelea,” alisema mama. “Sie tuliishia hapo.”