Kipimo Kilichonirudisha kwenye Ngazi

"Yule wa Doha hapandi ngazi tena. Mkimwona na ngazi, jueni ameibebea mtu."

Fundi mwenzangu, Ochieng', alisema hayo mbele ya mafundi wote pale mtaa wa Kongo, Kawangware, nami nimekaa palepale nakunywa chai, mkono umefungwa kwa shuka. Wakacheka. Mwenye ploti tuliyopanga, Mzee Njuguna, hakucheka. Yeye alimwambia mke wangu kwa upole kwamba angenitafutia kazi ya kulinda geti, maana mtu anayeanguka kifafa hapewi kushika stima.

Leo hao wote nawafungia taa. Nitaeleza nilivyofika hapa, ili aliyelala mahali nilipolala mimi ajue kuna kuamka.

Mimi ni fundi wa stima mwenye diploma. Nilijilipia masomo kwa kubeba mawe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikaenda ng'ambo, Doha, nikafunga nyaya kwenye majumba ambayo ukiyatazama mpaka juu, kofia inaanguka. Niliporudi nilikuja na sanduku la vifaa ambalo mafundi walikuja kulitazama kama mtoto mchanga. Kuanzia Kongo hadi Riruta, ukibonyeza swichi isiyotoa cheche, uliza ilifungwa na nani.

Kisha, kwenye mjengo mmoja, tulipandisha kebo nzito orofani, na mgongo wangu ukalia kama mbao inayopasuka. Wakati wa chai Ochieng' akanipa kapsuli.

"Meza hii, omera, ndugu yangu. Hata ukibebeshwa ploti nzima hutaskia kitu."

Alisema kweli. Kwenye mjengo wetu kapsuli hizo zilipitishwa pamoja na sukari. Hakuna aliyeziona kuwa kitu kibaya. Zilikuwa tramadol, dawa kali ya maumivu. Kemisti wa jirani aliniuzia bila kuniuliza barua ya daktari. Moja ikawa mbili, mbili zikawa konzi. Choo kikawa kigumu kama kokoto. Ngozi iliniwasha mpaka nikajichuna. Nikichelewa kumeza, pua ilichuruzika, miguu ikaruka yenyewe kitandani, nikatapika.

Jumapili moja baada ya kanisa, nilianguka sebuleni. Mke wangu, Nafula, mama wa Mercy wetu, anasema macho yaligeuka, nikauma ulimi, nikajikojolea juu ya kochi letu jipya. Nilizindukia hospitalini. Daktari alitaka kujua kama natumia dawa za kulevya, akachukua mkojo wangu, akachovya kipande cha kupimia chenye mistari: mmoja wa bangi, mwingine wa kokeni, mwingine wa heroini na jamaa zake. Kwa kipimo kile, mstari ukitokea maana yake hakuna kitu. Mistari yote ilitokea.

"Umeona?" nilimwambia Nafula. "Mtu wa diploma hana mambo hayo."

"Daktari, na zile kapsuli za mgongo?" Nafula akauliza.

"Hizo ni za mgongo, Mama Mercy. Wacha daktari afanye kazi."

Daktari alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Nikatoka na vidonge vya kifafa.

Mara ya pili nilikuwa Soweto West, Kibera, juu ya ngazi, nikifunga taa za kanisa. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kuamka na ladha ya damu, jino limetoka, mfupa wa bega umevunjika. Waumini walinibeba juu ya mlango uliong'olewa hadi kliniki ya karibu. Hapo ndipo nilipokutana na Daktari Akinyi, mwanamke mfupi asiye na haraka.

"Humeza nini, fundi?"

"Dawa za kifafa."

"Na nini tena?"

Nafula hakunisubiri. Aliingiza mkono mfukoni mwangu, akazimwaga kapsuli mezani.

Daktari alipeleka mkojo wangu kwenye maabara kubwa, akaandika wazi kitu anachotaka kitafutwe. Jibu lilirudi: tramadol, tele.

"Lakini nilipimwa nikaonekana safi!"

"Tester yako ya stima ukiigusisha waya mmoja, inakuambia habari za ule mwingine?"

"Hapana."

"Basi. Kile kipimo cha kwanza kilitafuta heroini na jamaa zake. Hii haionekani hapo. Na hii, ukiizidisha, inaleta degedege. Sidhani kama una kifafa. Lakini hakuna ngazi mpaka mkojo uwe safi na tuone huanguki tena."

Alizipunguza kapsuli kidogo kidogo. Alinionya nisiache ghafla. Nilitoa jasho lililolowesha godoro, nikaharisha, nikalia bila sababu. Nafula aliuza sanduku langu la vifaa ili tule, na mama yangu akaja kutoka Bungoma kuniuguza. Kila nilipoitwa kliniki nilitoa mkojo, mhudumu amesimama mlangoni, kikombe kikishikwa kuona kama kina joto la mwili, nisije nikaleta mkojo wa mtu mwingine.

Mkojo ukawa safi. Nikaanza kuota ngazi. Kisha siku moja daktari akasema, "Fundi, imerudi."

"Sijameza! Naapa mbele ya Mungu!"

Nafula alitazama viatu vyake. Hilo liliniuma kuliko bega.

"Sijasema unadanganya," daktari akasema. "Kipimo kinasema imeingia. Hakisemi imeingiaje. Niletee kila kitu unachokula ambacho si chakula."

Tulibeba vidonge, mafuta ya kuchua, na mkebe wa unga wa kahawia. Unga huo mama aliununua kwa muuzaji wa miti shamba sokoni Kawangware, akawa ananikorogea kwenye uji kila asubuhi, kwa ajili ya mgongo.

"Hiyo ni mizizi tu," mama alisema. "Sasa hata mizizi inashtakiwa?"

Maabara ilipima ule unga. Ulikuwa umechanganywa na tramadol. Mama alilia, kisha akaubeba mkebe kwenda sokoni. Sijui alimwambia nini yule muuzaji, ila alirudi bila kilemba.

Tangu hapo mkojo haukuonyesha dawa tena, wala mimi sikuanguka. Daktari aliniachisha vidonge vya kifafa, akaendelea kunitazama, na hatimaye akasema, "Panda." Sikuwa na hata bisibisi. Mmoja aliniazima koleo, mwingine drili, mwingine tester. Ochieng' aliniazima ngazi.

"Chukua. Nitakuja kuichukua kwa matanga yako."

Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba mpya ya Mzee Njuguna. Alisimama chini akiishika ngazi mwenyewe, midomo ikisali. Nikamfungia taa zote.

Namshukuru Mungu, Nafula, mama, na Daktari Akinyi. Nawe unayesoma, ukipimwa, mwambie daktari kila unachomeza, hata unga wa mama yako. Na jibu likikushangaza, usikimbie wala usigombane. Uliza walitafuta nini.

Nilinunua vifaa vipya, bora kuliko vya Doha. Jumamosi moja nilizunguka Kongo nikirudisha vya watu, kila kimoja kimefutwa kikang'aa. Ngazi niliirudisha mwisho. Ochieng' alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kiunoni. Nilingoja mzaha wake. Alitoa kapsuli mfukoni, akazitazama, akanitazama.

"Doha," akasema polepole. "Ile kliniki ya Soweto West hufungua saa ngapi?"

Nikaiegemeza ngazi yake ukutani. "Inuka," nikamwambia. "Nakupeleka."