Nyumba Tuliyoipiga Simenti

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne, mwaka huu, ukuta wa mashariki wa nyumba ya babu kule Buswelu ulianguka, na paa likafuata. Hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa uani nachambua mchicha. Nimeishi humo karibu maisha yangu yote, kwa hiyo niruhusu nikueleze ilivyokuwa, kabla watu hawajaanza kusema lilikuwa banda tu.

Babu aliijenga miaka ya hamsini kwa fedha ya pamba, wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Matofali ya udongo aliyafyatua mwenyewe, hayakuchomwa. Mabati yaliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Majirani walikaa kwenye nyumba za msonge. Yetu ilikuwa ya pembe nne, na mvua ikinyesha hatukusikiana. Ndani ilinuka moshi, michembe ya viazi iliyokauka, na pamba iliyosubiri kwenye magunia.

Kila mwaka, pamba ikishauzwa na jua likiwa kali, Bibi alitutoa wote nje tuisiribe. Udongo wa kichuguu, samadi mbichi, maji, na miguu yetu ya kukanyagia. Kaka yangu alipenda kukanyaga, kupaka hakupenda.

"Mume wangu," Bibi alimwambia, "huo ukuta unaupaka au unaupapasa?"

"Napaka, Bibi."

"Haya. Mke mwenzangu, hebu mwoneshe mume wetu mkono unavyokwenda."

Mke mwenza ndiye mimi. Tulicheka mpaka samadi ikatuingia mdomoni.

Mwaka wa Uhuru tulisiriba mara ya pili, Desemba, maana mwalimu wetu wa shule alisema nyumba zote zipendeze. Tulikosea. Mvua ilikuwa inanyesha na ukuta ukakataa kukauka. Bibi akakoka moto wa samadi kavu kandokando ya kuta kwa ndani, akashinda humo akikohoa. Babu alipomwambia aache, alijibu, "Maji yakilala ukutani, hii nyumba inaoza kama muhogo." Sherehe za bendera tulikwenda tukinuka moshi, na watoto wengine wakatukimbia.

Babu alikufa, Bibi akafuata. Wamelala nyuma ya nyumba. Nikabaki na mama, kisha peke yangu, nikawa nasiriba mwenyewe mpaka magoti yalipokataa. Ndipo kaka, ambaye alikuwa amestaafu na kukaa Igogo, akaja na gari la simenti na fundi. Alitaka nyumba isimame, wajukuu wake waone tulikotoka.

"Dada, umechoka kuchezea mavi ya ng'ombe. Hii tukishapiga, umemaliza."

"Na ukuta utapumulia wapi?"

"Kwani ukuta una pua?"

Fundi akacheka. Mimi pia nilicheka, na sitakudanganya, nilifurahi. Nyumba ilikuwa kama mpya. Wapita njia walisimama kuitazama.

Haikuchukua miaka mingi, kuta zikaanza kutoa jasho kwa ndani. Maji yalipenya juu, chini ya bati, yakateremka nyuma ya simenti, na hayakuwa na pa kutokea. Nikigonga, panalia patupu. Tofali zilikuwa zimerudi kuwa tope, na kilichosimama ni lile ganda la nje.

Sasa hakuna nyumba nyingine ya namna ile pale kwetu. Ng'ombe wa samadi nao hawapo, malisho yamekuwa viwanja. Hata ningepata magoti mapya, nisingejua wa kukanyaga naye.

Kaka alifika mchana na mkongojo wake. Nilimwamkia, "Shikamoo, kaka." Hakuitikia. Alizunguka kifusi, akainama kwa shida, akaokota kipande cha simenti na kukigeuza. Udongo ulioganda nyuma yake ulikuwa bado mbichi. Alikishika muda mrefu.

Nikamwacha. Nikapanga mawe pale uani, nikasonga ugali, nikautia ule mchicha kwenye sufuria. Jirani akatuazima mkeka. Nilipomletea kaka maji ya kunawa, alikiweka kile kipande chini taratibu, akanyoosha mikono yote miwili, nikaanza kummiminia.

"Marahaba," akasema.