Maziwa Aliyokamua Abdi

Utaniambia ni njaa, au jua la jangwani. Sema upendavyo. Mimi nilikuwepo, na chombo nilikipokea kwa mikono hii.

Abdi, ndugu yangu mdogo, alikuwa askari wa jeshi letu. Vita vya Yugoslavia vilipochacha akapelekwa huko kulinda amani, amevishwa kofia ya samawati. Nchi ambayo hapa kijijini kwetu Hadado imeshindwa kuzuia majambazi wasitupore mifugo, eti ikaamulie Wazungu ugomvi wao. Nilicheka sana. Baadaye sikucheka tena.

Nyumbani alimwacha mama yetu, hooyo, akiwa mgonjwa, na ngamia jike mkaidi aliyekubali kukamuliwa na Abdi peke yake. Sisi wengine alitupiga mateke. Mama alisema kila siku, "Nimwone tu mwanangu, halafu nife."

Basi jioni moja, adhana ya magharibi ndiyo inaanza, nikamkuta Abdi zizini. Amesimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya paja, anakamua huku akimwimbia ngamia kama zamani. Kofia ileile kichwani. Wewe ungefanya nini? Mimi nilifurahi, wallahi.

"Abdi, umerudi lini?"

"Sijarudi, abaayo," akaniita dada, bila kugeuka. "Mpelekee hooyo maziwa yangali moto."

Nikakipokea chombo. Kilikuwa baridi, baridi ya kuumiza vidole. Nilipoinua macho, zizini alibaki ngamia tu. Alama ya buti sikuiona hata moja mchangani.

Mama alikunywa yote. "Ni Abdi amekamua," akasema, akaketi mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu augue.

Wiki iliyofuata wakaja wanajeshi. Wakasema gari la kina Abdi lilikanyaga bomu huko kwenye theluji, tena kabla ya jioni ile. Mama akawafukuza kwa Kiswahili chake: "Nyinyi wongo. Yeye nakuja hapa, nakamua ngamia, mimi nakunywa."

Hadi leo hataki Abdi aombewe dua ya marehemu. Amepona, niamini, na hiyo ndiyo adhabu: amepata nguvu za kungoja. Kila magharibi ngamia hupanua miguu, maziwa yakadondoka yenyewe mchangani, na mama hunituma na chombo. Naenda. Nikikaribia, yanakatika.

Kwa hiyo wakija kwenu kuandikisha vijana, wakisema ni kulinda amani tu, mfiche mwanao. Na kama ameshaenda, ukamkuta nyumbani jioni na kofia hiyo, usipokee kitu mkononi mwake. Lia siku hiyohiyo. Sisi bado hatujaruhusiwa kulia.