Risasi sita ambazo hazikupigwa

Saa tatu asubuhi. Fundi wa kike amesimama mbele ya jiliwa, chombo cha chuma cha kubania kazi mezani, vidole vimeloa mafuta, anazungusha mtutu mpya wa bastola kwa ufunguo mrefu. Hatumii nguvu nyingi. Anavuta kidogo, anasimama, anainama kuangalia ncha ya mtutu, kisha anavuta tena.

Kwenye ncha hiyo kuna kipande kidogo cha chuma kinachomsaidia mpigaji kulenga. Mtutu unapokaza, kipande hicho lazima kiwe kimesimama wima. Kikilala kushoto, risasi itakwenda pembeni. Kikipita wima, mtutu umeharibika, maana ili ukae sawa mtutu hupunguzwa kidogo kidogo kwa tupa, na chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi.

Hatua chache nyuma yake ameketi mkaguzi wa silaha, saa yake ya mkononi ameivua na kuiweka mezani. Nyuma ya mkaguzi, karibu na mlango wa vyuma, amesimama baba yake fundi. Kanuni za mtihani zinamruhusu kuwapo kwa sababu karakana ni yake. Hazimruhusu kusema. Neno moja la msaada kutoka kwake na mtihani unafutwa.

Anayefanya mtihani ana umri wa miaka ishirini na tisa, na minane kati ya hiyo ameitumia katika chumba hiki akiwa msaidizi. Leo anatafuta leseni yake mwenyewe. Leseni ya baba yake inakwisha mwisho wa mwezi na haitahuishwa, kwa kuwa daktari amekataa kutia saini cheti cha macho. Mtihani hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Asipofaulu leo, karakana haitaruhusiwa kugusa silaha hadi mtihani mwingine.

Wateja humwita baba yake Mzee Taratibu. Ndilo jibu alilowapa kwa miaka thelathini walipomuuliza kazi yao itakwisha lini. Ana jicho moja tu linaloona, la kushoto, nalo sasa limeanza kuingia ukungu.

La kulia lilipotea karakanani humu. Mwenzake alikuwa amebadili mtutu wa bastola ya silinda, ile yenye kipipa cha risasi kinachozunguka, kazi ileile anayoifanya binti leo, kisha akamwomba yeye aijaribu. Silinda haikuwa imelingana sawasawa na mtutu. Risasi iligonga ukingo wa mtutu, ikanyolewa, na vipande vyake vikaruka kando kupitia uwazi ulio kati ya silinda na mtutu. Hakuwa amevaa miwani ya kinga.

Tangu siku hiyo kuna sheria moja hapa: aliyefunga mtutu ndiye anayepiga risasi sita za kwanza, moja kwa kila chemba, yaani kila tundu la risasi kwenye silinda. Baadaye ofisi ya ukaguzi iliiingiza sheria hiyo katika mtihani.

“Si adhabu,” anasema Mzee Taratibu baadaye, mtihani ukiwa umekwisha. “Mtu akijua uso utakaokuwa karibu ni wake, tupa inashikwa vingine.”

Chumba ni kidogo. Dirisha lina nondo, sefu imefungwa sakafuni kwa boliti, na ukutani tupa zimepangwa kwa ukubwa. Kwenye kona kuna pipa la chuma lililojaa mchanga, limelazwa juu ya magogo. Risasi za majaribio hupigwa humo.

Bastola iliyo kwenye jiliwa ni ya kampuni ya ulinzi. Mlinzi anayeibeba ameketi nje kwenye benchi tangu asubuhi, na mara mbili amechungulia dirishani.

“Dada fundi, mgonjwa anaendeleaje?”

“Bado yuko chumba cha upasuaji. Kaa huko, kaka.”

Mtutu unakaza. Kipande cha mbele kimesimama wima. Fundi anachukua vibati vyembamba vya kupimia, anavipitisha kimoja kimoja kati ya silinda na mtutu. Kimoja kinapita, kinachofuata kinakwama, kama inavyotakiwa. Anaifungua bastola kutoka kwenye jiliwa, anaifuta, anavuta nyundo yake, ile inayogonga risasi, na kuiachia mara sita, harakaharaka, bila risasi. Silinda inazunguka vizuri. Mkaguzi anatikisa kichwa kukubali na kumsogezea risasi sita.

Zimebaki dakika arobaini. Fundi anachukua risasi ya kwanza, anaitazama, anairudisha mezani.

Anaanza upya kuvuta nyundo, safari hii polepole, kwa kidole gumba. Kwenye chemba ya kwanza inasikika milio miwili: silinda ikijifunga, kisha nyundo ikikaa. Ya pili, miwili. Ya tatu na ya nne, vilevile. Kwenye ya tano unasikika mlio mmoja tu. Anaisukuma silinda kwa ncha ya kidole. Inasogea unywele mmoja, ndipo inajifunga.

Nyundo ikivutwa haraka, silinda hupata msukumo na kufika mahali pake. Ikivutwa polepole, haifiki. Mlinzi mwenye hofu anaweza kuivuta kwa namna yoyote.

“Afande, hii siipigi,” anasema.

“Una dakika arobaini.”

“Hazitoshi. Chemba ya tano haijifungi. Kimkono cha ndani kinachosukuma silinda kimelika. Kukitengeneza ni kazi ya kutwa.”

“Umeikuta hivyo, au umeifanya wewe?”

“Nimeikuta. Ila nilipaswa kuikagua silinda kabla sijagusa mtutu. Sikuikagua.”

“Mtihani ni kubadili mtutu na kupiga risasi sita.”

“Najua, afande.”

Mkaguzi anavaa saa yake. Anaandika neno moja: hajafuzu.

Kasoro hiyo huenda ilikuwapo kwa miaka. Mtutu wa zamani ulikuwa umelika na kupanuka kwenye mdomo wa nyuma, upande wa silinda, hivyo ulipokea hata risasi iliyokuja upande kidogo. Mtutu mpya una mdomo mwembamba. Ndiyo maana fundi hutakiwa kuanza na silinda, na mwanafunzi yeyote wa kazi hii huambiwa hivyo katika wiki ya kwanza.

“Niliogopa saa,” anasema fundi akinawa mikono. “Nilijua mtutu ndio wenye kazi, nikaukimbilia. Jingine la kusema sina.”

Mkaguzi naye, alipoulizwa kama kukataa kupiga hakustahili alama yoyote, alijibu bila kupandisha sauti. “Mtihani haupimi moyo wa mtu. Unapima bastola iliyo mezani. Hii haijakamilika.”

Mzee Taratibu hapingi. Alichokuwa nacho moyoni ni kitu kingine. Alipokuwa mlangoni, alisikia mapema mlio mmoja uliochelewa, wakati binti anavuta nyundo harakaharaka. Jicho limechoka, lakini masikio bado.

“Nilikwisha kufungua mdomo,” anasema.

“Na mtihani ufutwe?” binti anamdakia.

“Ufutwe. Leseni inaombwa tena. Jicho, niulize mimi.”

“Sasa mbona ulinyamaza?”

“Nilikupa sekunde mbili, mama.”

“Mbili? Baba, ulinikopesha sekunde ukaweka rehani uso wangu mwenyewe!”

Mzee anacheka, kisha kicheko kinakatika katikati, anageuka kupanga vibati ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Nje, mlinzi anapewa habari kwamba bastola haitoki leo.

“Kwa hiyo usiku nitawatisha wezi kwa kukohoa?”

“Kohoa kwa nguvu, kaka.”

Simu ya Mzee Taratibu inaita. Ni mkewe. Sauti yake inasikika chumba kizima.

“Amefaulu?”

“Hajafaulu.”

“Ana macho yake yote?”

“Anayo.”

“Haya, njooni mle.”

Hasara haitakuwa ndogo. Karakana inahudumia kampuni tatu za ulinzi na chama kimoja cha walenga shabaha. Kampuni moja imekwisha kusema haitasubiri, nayo huleta karibu nusu ya kazi. Silaha zote zilizomo kwenye sefu zitarudishwa kwa wenyewe kabla mwezi haujaisha. Kodi ya chumba haitasimama.

Hadi mtihani ujao baba na binti watatengeneza makufuli na sefu, kazi isiyohitaji leseni ya silaha. Binti amekwisha kuomba kurudia mtihani. Anasema ataanza na silinda hata kama wamempa bastola iliyotoka kiwandani jana yake.

Alipoulizwa anatumaini nini zaidi ya cheti, hakufikiri sana.

“Baba asiwe mlangoni siku hiyo,” alisema. “Nataka akae nje na mlinzi, wapige soga, wanywe chai. Nikipiga risasi ya kwanza ashtuke kama mtu mwingine yeyote, amwage chai.”